Usiizime Kabisa

Kizuia mawimbi kilikufa mtoni.

Hafidha alikitikisa, maji yakachuruzika. Alikibonyeza tena na tena. Taa haikuwaka.

Nyuma yake pikipiki ya Boxer ilikuwa imelala ubavu kwenye mawe, gurudumu la mbele limepinda. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeporomosha mlima na kuikata barabara ya Mkuyuni. Alibaki na miguu yake, bastola moja ya Glock na redio ya Motorola.

"Mlima, hapa Bonde." Ilikuwa sauti ya Mansuri, mkuu wake, kutoka Morogoro mjini. "Kikosi kimekwama. Subiri."

"Nikisubiri, Hatibu anakufa."

"Ukionekana pia anakufa."

Hafidha akaanza kupanda.

Hatibu ndiye aliyemfundisha kazi ya ujasusi. Hafidha alipougua homa ya matumbo, ndiye aliyempelekea uji wodini kila asubuhi bila kuombwa. Sasa alikuwa amefungwa kwenye ghala la pilipili manga, ng'ambo ya korongo, bomu kifuani. Kwenye bomu palifungwa PSP moja kuukuu, ile mashine ya gemu ya mkononi.

PSP ya pili alikuwa nayo Jonathan.

Jonathan alikuwa mgeni aliyejifanya mnunuzi wa viungo huku akitorosha rubi nje ya nchi. Mashine zake mbili ziliongea zenyewe hewani, bila mtandao wa simu, bila mtu kuzinasa; kizuia mawimbi tu ndicho kingezikata, nacho kilikuwa kimekufa. Abonyeze kitufe kimoja tu, ghala linaruka. Alikuwa ameapa kubonyeza akimwona askari. Hata asipomwona angebonyeza, maana Hatibu alikuwa ameshaijua sura yake.

Na mashine zile alizitengeneza Hafidha kwa mikono yake.

Ilikuwa Dumila, kwenye kibanda cha kuflashi magemu alichokitumia kama pazia la kazi yake. Jonathan aliingia kama mteja yeyote. Alitaka PSP zake ziwekewe programu endeshi isiyo ya kiwandani, ile inayoifanya mashine ikubali programu yoyote ya pembeni. Hafidha hakujua za nini. Aliziwekea ile ya muda, kama alivyowawekea vijana wote.

"Usiizime kabisa," alimwambia. "Swichi iguse kidogo tu, isinzie. Ukiibana mpaka izime, niliyoiweka inafutika. Itabidi uirudishe kwangu."

Jonathan alishika neno. Siku zote aliilaza tu.

Kwenye kona ya njia Hafidha alikutana na mama mmoja akitoka shambani. Mama yule alimtazama alivyolowa na kutetemeka. Hakumuuliza katoka wapi. Alifungua khanga yake kavu ya juu, akamfunika mabegani, kisha akamtwika kikapu chake cha karoti, kwa kuwa mtu anayepanda mikono mitupu hutazamwa sana. Jina lake Mwanahawa, alisema, nyumba yake ile ya chini yenye migomba. Khanga airudishe akipata nafasi.

Hafidha alijitanda mpaka usoni, akaendelea.

Nyumba aliyopanga Jonathan ilikuwa ya Mama Cecilia, mkulima wa kabichi. Paneli pekee ya sola ya mteremko mzima ilikuwa juu ya bati lake, na majirani wote walimletea simu zao awachajie. Jonathan alikuwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa, mikono haina kitu.

Mashine iko wapi?

Hafidha hakuiona. Akaingia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa hivyo? Sogea jikoni, moto upo."

Jonathan akageuka. Aliitazama khanga, akaitazama sura.

"Fundi wa Dumila," alisema taratibu.

Bastola yake ilikuwa imeshatoka. Bila kuacha kumlenga, alimwambia Mama Cecilia amletee mashine yake, upesi. Betri yake ilikuwa imechakaa, na tangu asubuhi alikuwa amempa aichaji. Bibi wa watu akaitoa kwenye rafu, ameiviringisha kwenye kitambaa safi.

Jonathan akasukuma swichi.

Hafidha alifumba macho. Uwanja mzima ulikuwa kati yao. Glock ilikuwa chini ya karoti. Alimwona Hatibu na bakuli la uji.

Nisamehe, kaka.

Mashine ikaimba.

Mlio mfupi, mwororo, wa kuwaka.

Hafidha akafumbua macho. PSP iliyolala haiimbi. Huamka kimya, palepale ulipoiachia. Inayoimba ni ile iliyozimwa kabisa.

Jonathan alibonyeza. Kioo kikamwandikia kwamba faili limeharibika. Akakunja uso, akainama, akabonyeza tena.

Kuinama huko kulitosha.

Kikapu kilitangulia. Hafidha akafuata. Risasi moja ilitoboa bati, bastola ikaruka, na mgeni akalamba matope na goti la Hafidha mgongoni.

Pingu zikalia.

Ng'ambo ya korongo, ghala lilikuwa palepale.

"Nimeiharibu?" Mama Cecilia aliuliza, machozi yakimlenga. "Hapa kwangu kila kitu kinachaji kimezimwa. Jua la huku dogo, simu za watu nyingi. Nikaibana swichi mpaka ikazima kabisa."

"Nilikwambia uiache!" Jonathan alifoka.

"Uliniambia niitunze, baba. Nimeitunza."

Hafidha alimshika mkono yule mama, akaubusu.

Alimfunga Jonathan kwenye nguzo ya baraza, akavuka korongo. Alikata waya, akakata kamba. Hatibu alikuwa amekauka midomo.

"Umechelewa," alinong'ona.

"Boxer imepinda."

"Ile pikipiki ni yangu."

"Najua."

Aliporudi naye, uji ulikuwa tayari. Mama Cecilia alimpa Hatibu bakuli. Kisha akamkorogea na Jonathan kikombe, akamshikia anywe, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa.

Hafidha akashika redio.

"Bonde, hapa Mlima. Hatibu mzima. Mgeni yuko nguzoni, Hatibu anamlinda."

"Safi, Mlima. Baki hewani kwa maelekezo."

Hafidha aliitazama redio. Ilikuwa imebakiza chaji kidogo.

"Nichajie, mama," alisema.

Akaibana mpaka ikazima kabisa, akaiweka rafuni pamoja na simu za majirani. Aliokota karoti moja moja, akajitwika kikapu, akashuka mteremko kurudisha khanga ya watu.