Sauti Aliyoitaka Kioo

Jumamosi ile saluni ilikuwa imejaa pomoni. Mashine za kunyolea zinanguruma, redio inapayuka, wateja wanabishania mpira. Mara akaingia mwanamke wa gauni la kijani, shingo ndefu, mwendo wa kujiamini. Ubishi ukakatika. Jamani, kuna watu wameumbwa wakaumbika!

Kinyozi wa kiti cha mwisho akamkaribisha. Wenzake walimwita Kioo, maana aliongea na wateja kwa kuwatazama kwenye kioo tu, tabasamu halimwishi.

"Nikate nywele ziwe fupi," mwanamke akasema, "ila usinifananishe na kaka yangu."

"Kwani kaka yako ana sura mbaya?"

"Mzuri sana. Ila ana upara."

Wakacheka. Kioo akamwinamisha kichwa, akaanza kumsafisha kisogo. Mwanamke, uso chini, akasema, "Una mikono laini, wewe." Kimya. Akajikaza kisabuni, akauliza, "Umeoa?" Kimya tena. Ebo! Swali kama hilo, kutoka kwa mwanamke kama yule, linakosaje jibu? Alipoinua kichwa na macho yao yakakutana kiooni, Kioo akauliza kwa upole, "Ulisema kitu?"

Mwanamke akaelewa palepale: kinyozi huyu anasoma midomo. Kazi yake ilikuwa kupima masikio, kwenye kliniki ya mtaa wa pili.

"Vifaa vyako vya kusikia viko wapi?" akamuuliza polepole, kiooni.

Kioo akaizima mashine. Siri hiyo aliijua dada yake peke yake, yule anayesuka chumba cha pili. "Viko kwenye droo," akajibu. "Nikivivaa, mashine hii inakuwa kama lori linanipita kichwani. Na maneno ya watu bado siyapati."

"Nani alikuwekea?"

"Dukani. Walibonyeza kompyuta, wakaniambia nitazoea."

"Kompyuta ilikisia tu, kwa wastani wa masikio ya watu. Kwa nini tuandikie mate na wino upo? Njoo nikupime. Na uje na mashine yako ya kunyolea."

Alikwenda, mashine ndani ya mfuko. Huko kliniki, kwenye chumba kisichoingiza kelele, ndiko moyo wake ulikonaswa, maana yule mwanamke akiwa kazini alikuwa mwingine kabisa. Alimwingiza mrija mwembamba sikioni, akaweka kifaa juu yake, akawasha spika. Mistari ikapanda kwenye skrini, ikionyesha sauti inayofika hasa ndani ya sikio lake yeye. Sikio la mtu mwingine halikuhusika hapo. Kisha akaiwasha mashine ya kunyolea, akarekebisha, akasikiliza majibu yake, akarekebisha tena bila kuchoka.

"Umeona? Sauti nzito zilikuwa zinakuzidi, nyembamba hazifiki kabisa. Hukuwa mvivu wa kuzoea. Kosa si lako."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kosa si lake. Kioo alitaka kulia, akajifanya anakohoa.

Marekebisho yalihitaji siku kadhaa. Siku zikazaa matembezi, matembezi yakazaa simu za jioni. Kioo alizichukia simu maisha yake yote, lakini za huyu alizisubiri.

"Umekula, mpenzi?"

"Rudia."

"Nimesema, umekula?"

"Hilo nimelisikia. Rudia lile la mwisho."

"Mpenzi. Haya, umeridhika?"

"Bado kidogo, Daktari wangu."

"Mimi si daktari!"

"Basi baki kuwa wangu tu."

Kipimo kimoja tu kilikuwa kimebaki. Ndipo ujumbe ukaingia mchana mmoja: "Kuanzia sasa atakuhudumia mwenzangu. Mimi sitakupima tena." Mwanamke aliuandika mbiombio kati ya mteja na mteja, akinuia kumweleza jioni. Kioo akausoma mara mbili. "Akufukuzaye hakwambii toka," akajisemea, akavirudisha vifaa kwenye droo. Jioni simu ikaita mpaka ikachoka. Kesho yake akapokea dada mtu.

"Kaka yako yupo?"

"Yupo, wifi, ila amenuna. Anasema umemchoka na masikio yake."

"Mimi? Hebu mwambie..."

"Nimwambie vipi, wifi, na vifaa viko kwenye droo? Hanisikii hata mimi!"

Mwanamke akaangua kilio pale kliniki. Mwenzake, mtu mzima wanayemwita Mama Miwani, akamtazama juu ya miwani. "Ujumbe wa mapenzi unauandika kama cheti cha dawa! Niachie mimi."

Siku ya kipimo, Kioo alikuja akiburutwa na dada yake. Shati limenyooshwa, uso umekunjwa. Mama Miwani akamgeuza aelekee ukutani, akamwekea mrija na vifaa.

"Huwa namalizia na sauti ya mtu wa karibu," akasema, "maana huendi kuishi na spika. Unataka sauti ya nani?"

Dada mtu akaanza kusafisha koo. Kioo akasema chini chini, "Yake."

"Nilijua!" dada akaruka. "Na mimi umenichosha bure!"

Mwanamke akaitwa, akakaa nyuma ya Kioo. Akapewa karatasi ya kusoma, akaiweka pembeni.

"Usigeuke," akasema. "Nilikupeleka kwa mwenzangu kwa sababu kazi yetu hairuhusu kumpima unayempenda. Jicho linasamehe, mkono unakosea. Na wewe nataka usikie vizuri kuliko wote. Nilipaswa kukwambia kwa mdomo. Nisamehe."

Mama Miwani alikuwa ameikodolea macho skrini. "Endelea, mwanangu, sauti nyembamba bado kidogo." Akagusa kompyuta. "Haya, sasa."

"Umeoa?" mwanamke akauliza, kwa sauti ndogo.

Kioo akashtuka. Hapakuwa na kioo pale, hakuona mdomo wa mtu, na neno limefika lote. "Mbona unaniuliza leo?"

"Nilikuuliza siku ya kwanza, unaninyoa kisogo. Hukunijibu."

Machozi yakamtoka mwanamume yule, wala hakuyafuta. "Sijaoa," akauambia ukuta. "Ningesikia siku ile, ningekuuliza palepale. Utakubali nikuoe?"

"Nakubali."

"Rudia."

"Acha wewe! Umesikia, mistari inaonyesha!"

"Nimesikia, mpenzi. Rudia tu."

Akarudia.