Taa za Chupa na Donge la Unga

Zilibaki siku mbili kufika mkesha wa Krismasi. Nje barafu ilikuwa imeziba mlango wa banda, lakini jikoni kwa Jola kulikuwa na joto. Donge la unga lilikuwa mezani. Jola alikuwa anakata uyoga wa kujaza uszka, vile vifuko vidogo vya unga vinavyoelea kwenye supu ya bitiruti. Binti yake Kalina, mwenye miaka mitatu, alikuwa chini ya meza akizungumza na paka.

Mume wake, Mietek, alikaa upande wa pili wa meza hiyohiyo akiwa na chupa nane tupu. Alitaka kutengeneza taa za sikukuu. Ukikata kitako cha chupa, unaifunika juu ya mshumaa na upepo hauuzimi. Jola alimwomba akafanyie kazi hiyo bandani. Mietek alisema huko vidole vitaganda, na kazi yenyewe ni ya dakika kumi tu.

Alichovya uzi kwenye pombe kali, ile ambayo kila nyumba huweka kabatini kwa kutengenezea kinywaji cha cheri. Akaufunga kwenye chupa, akauwasha. Moto ulipozunguka, aliitumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji baridi. Ya kwanza ilikatika vizuri. Ya pili pia.

"Ulikuwa unaogopa nini, mama Kalina?" alimtania mkewe.

Chupa ya tatu ilipasuka mkononi mwake kabla ya kufika kwenye maji. Vipande viliruka hadi kwenye jiko.

Kalina hakuumia. Jola alikimbilia ufagio uliokuwa nyuma ya mlango. Alipogeuka, mtoto alikuwa amepanda kiti. Kidevu chake kilikuwa cheupe kwa unga, naye alikuwa anatafuna.

Jola alimtoa unga mdomoni kwa kidole. "Umemeza?"

"Tamu," alisema Kalina.

Mietek alianza kukoroga maji ya chumvi ili mtoto atapike. Wakati huo jirani yao, Mzee Zenon, aliingia bila kubisha. Alikuwa amesikia mlio kupitia ukutani. Mzee huyu alikata vioo kiwandani kwa miaka thelathini na moja. Alimshika Mietek mkono.

"Usimtapishe. Kioo kikirudi juu kinaweza kumkata koo. Piga simu ya dharura."

Kwenye simu daktari wa zamu alisema vivyo hivyo. Wasimpe mtoto chakula wala kinywaji. Wamlete hospitali mara moja.

Jola alipokuwa anamvalisha Kalina koti, Mzee Zenon alivaa glavu na kutandaza taulo nyeusi. Alikusanya vipande na kuviunganisha kimoja kimoja, kama walivyofanya kiwandani. Chupa ilianza kuonekana tena. Chini kidogo ya shingo palibaki tundu, kubwa kama ukucha wa mtoto.

Kipande kimoja kilikosekana.

"Nendeni," Mzee Zenon alisema. "Mimi nitakitafuta."

Barabara iliteleza, na Mietek aliendesha polepole huku akiuma midomo. Hospitalini walikaa kwenye benchi wakisubiri picha ya tumbo. Mietek aliomba msamaha kwa sauti ndogo.

"Usiniombe sasa," alisema Jola. Hakumtazama.

Simu ikalia. Mzee Zenon alikuwa ameumega unga wote vipande vidogo. Kipande cha kioo kilikuwa ndani, karibu kabisa na alama za vidole vya Kalina.

Hata hivyo daktari alipiga picha, maana vipande vidogo zaidi vingeweza kuwa vimemezwa. Picha haikuonyesha kioo. Aliwaambia wamwangalie mtoto kwa siku kadhaa. Akiumwa tumbo, akitapika au akipata choo chenye damu, wamrudishe bila kuchelewa. Ndipo Jola akaweka kichwa begani kwa mumewe na kulia.

Kesho yake Jola aliuliza kama unga na uyoga vingeweza kuokolewa. Uyoga huo aliuokota mwenyewe msituni.

"Kikubwa nimekiona," alisema Mzee Zenon. "Vidogo hata mimi sivioni. Tupa."

Mietek alitaka kutupa na chupa zilizobaki. Mzee alimkatalia. Wanaume hao wawili walivunja barafu kwenye mlango wa banda, wakavaa miwani ya kazi, glavu na viatu vigumu.

Kwanza Mzee alimwambia asahau uzi na moto, kwa sababu upande mmoja hupata joto kuliko mwingine, na hapo ndipo kioo hupasuka. Akatoa kikata kioo chenye gurudumu dogo, akachora mstari mmoja kuzunguka chupa. Hakuurudia. Akamimina maji ya moto polepole juu ya mstari, kisha maji baridi, kisha ya moto tena. Kitako kilianguka chenyewe kwenye taulo.

"Sasa sugua ukingo kwa msasa uliolowa," alisema. "Vumbi la kioo likikauka utalivuta, na mapafu hayana ufagio. Mdomo wa chupa uache wazi ili joto litoke. Weka taa juu ya sahani, mbali na pazia. Mezani usiiweke, mna zile nyasi kavu za desturi ya mkesha chini ya kitambaa cha sikukuu. Na usiiache ikiwaka peke yake."

Mietek alisugua taa moja karibu saa nzima. Alipomaliza, Mzee aliisugua tena.

Jioni ya mkesha Kalina alikuwa mzima, na alikula samaki kuliko wote. Supu ya bitiruti iliandaliwa tupu. Aliuliza uszka ziko wapi.

"Baba alizipoteza," alisema Mietek. "Mwaka ujao Baba atazipika mwenyewe."

Kisha Kalina akanyoosha mikono kuelekea taa moja ambayo haikuwa imewashwa. Jola aliweka kijiko chini. Mietek aliichukua taa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wote, mara mbili, akimtazama mkewe.

Jola aliitikia kwa kichwa. Mietek akampa mtoto taa.