Ishirini na Sita Waliotaka Kaburi Lihamishwe

Asubuhi Mashimba alikuwa akifagia nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mkewe Modesta. Akaona kigingi chekundu kimepigwa pale kichwani. Hakuwa amesikia nyundo. Hakuona nyayo. Ziwani, wingu la wadudu lilisimama wima kama moshi usio na moto.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Barabara ya kiwanda cha minofu inapita hapo," mwenyekiti alisema. "Tumeuliza watu hamsini. Ishirini na sita wamekubali makaburi yahamishwe. Wengi wameshinda, mzee. Jumatatu wanachimba."

"Mbona mimi sikuulizwa?"

"Hamsini wanatosha."

Ndivyo walivyo wakubwa wetu. Wanakuja kukuuliza wakati majembe wameshayanunua.

Jirani yake Bernadeta, aliyewahi kuwa karani wa sensa, alimkuta amekaa kaburini.

"Shikamoo, mzee Mashimba."

"Marahaba. Njoo umuage mwenzio."

"Bado, mzee." Bernadeta akaleta ndoo. Akahesabu maharage mekundu mia na tisini, meupe mia mbili na kumi, akayachanganya. "Mekundu ndio wanaokubali. Ni machache, umeona? Fumba macho, chota hamsini."

Mekundu yalitoka ishirini na mawili. Yakarudishwa, akachota tena: ishirini na tisa. Mara ya tatu: ishirini na sita. Mashimba akasisimka mwili.

"Nani anayabadilisha humu?"

"Hakuna mtu. Ukichota machache, hesabu huyumba. Ingekuwa arobaini kwa kumi, ningeamini. Ishirini na sita kwa ishirini na nne haisemi wengi wako wapi. Tena waliuliza mwaloni tu, mitumbwi inakoshushia samaki, kwa wavuvi wa kuja na kuondoka. Hao wana kaburi gani hapa?"

Wakapita nyumba kwa nyumba kudai mkutano. Jumapili Bernadeta alimpa mwenyekiti ndoo mbele ya watu, akamweleza maana ya rangi. Mwenyekiti akachota hamsini, mara mbili. Kwanza mekundu yalizidi, kisha meupe.

"Basi tuhesabu wote," mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo.

Wakapanga mistari miwili. Waliokubali, mia nne na wawili. Waliokataa, mia sita na kumi na mmoja. Barabara ikahamishiwa upande wa mawe, kusiko na makaburi.

Mashimba akarudi nyumbani, akaweka kiganja kaburini. "Modesta, umebaki."

Jua halikuwa limetoka siku nzima. Udongo ulikuwa na joto.