Nafasi Ilikuwa ya Mzee Mmoja

Mzee Eliakimu alimkuta fundi amekaa juu ya paa la nyumba yake, anang'oa bati.

Mchana kweupe. Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, watu wanapita na mizigo yao kama hakuna kinachotokea.

Mzee alikuwa ndio kwanza ameshuka kwenye basi la Moshi. Alikwenda Machame kuzika binamu yake, akakaa huko mpaka matanga yalipoisha. Akatua mkungu wa ndizi chini, akatazama juu.

"Kijana, nani amekutuma kubomoa hapa?"

"Bosi Benedict, mzee. Sogea kidogo, bati lisije likakuangukia."

Benedict. Mwanawe wa pekee.

"Na yule bibi anayekaa humu yuko wapi?"

Fundi akainua mabega. "Sisi tumekuta nyumba tupu."

Tupu...

Mzee akaingia ndani kwa kuruka matofali. Chumba cha dada yake hakikuwa na kitanda, hakikuwa na sanduku, hata msumari aliokuwa akitundikia kanga zake ulikuwa umeng'olewa.

Akakaa palepale kwenye kifusi.

Ngoja kwanza niwaambie hawa watu ni akina nani, ili muelewe kwa nini mzee mzima alikaa kwenye kifusi na suti ya msibani.

Elieshi alikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alifariki Eliakimu akiwa hajaanza kutembea, na Elieshi, binti mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni akienda naye kukata majani ya ng'ombe. Walipokua, Eliakimu alishuka Dar akafungua duka. Elieshi akaolewa, akafiwa na mume kabla hajajaliwa mtoto. Mdogo wake akamwambia njoo mjini, tutafute pamoja.

Wakatafuta kweli. Yeye dukani, dada na genge lake la ndizi na viazi sokoni. Nyumba ile ya Narung'ombe waliinunua wawili. Na mke wa Eliakimu alipofariki, akamwacha Benedict bado anasoma shule ya msingi, Elieshi ndiye aliyemlea. Ile miaka ya shida, sabuni haionekani, sukari mpaka foleni, shangazi alikuwa anaamka kupanga foleni ili Benedict aende shule na shati safi.

Halafu biashara ikafunguliwa. Soko huria. Kila mwenye akili ya haraka akaanza kupanda ndege kwenda Dubai, na Benedict alikuwa mmoja wao. Redio kaseti, saa, majora ya vitambaa... jamaa akatajirika. Akajenga Tabata, akaoa, akanunua gari.

Kariakoo nako nyumba za bati zikaanza kupotea moja moja. Ghorofa juu ya ghorofa. Benedict akaja na wazo lake.

"Baba, Shangazi, kiwanja hiki ni dhahabu. Tuvunje, tujenge."

Wazee wakatazamana. Wakasema kitu kimoja.

"Tukishaondoka duniani utajenga. Sasa hivi tuache hapa."

Akaomba mara nyingi. Kila mara wanamjibu pamoja, wamekaa barazani kwao, wanamenya maharage.

Sasa rudi pale kwenye kifusi.

Benedict alikuja na gari lake jekundu, akashuka taratibu, akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Shikamoo, Baba. Pole na safari."

"Dada yangu yuko wapi?"

Benedict akainamisha kichwa. Alikuwa kama mtu anayeona uchungu kusema.

"Baba... Shangazi ameondoka. Amekwenda Usa River, kwa ukoo wa marehemu mume wake. Yeye ndiye aliyekubali nyumba ivunjwe."

"Elieshi? Akubali bila mimi?"

"Nilimwambia akusubiri. Akasema hapana. Akasema..."

"Akasema nini?"

"Baba, tuyaache."

"Sema."

"Akasema amechoka kufua nguo za mwanamume ambaye si mume wake."

Wewe unayesoma hapo, pengine unaona ni maneno ya kawaida. Kwa mzee Eliakimu yalikuwa kisu. Tangu mkewe afariki, dada yake ndiye aliyemfulia, na jambo hilo lilikuwa likimtia haya siku zote. Hakuwahi kumwambia mtu. Akisikia ndoo uani, alikuwa anajifanya anasoma gazeti.

Kumbe naye alikuwa analiona. Kumbe alikuwa anahesabu.

Mzee hakuuliza tena. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaingia kwenye gari. Ndizi zikabaki palepale kwa mafundi.

Tabata alipewa chumba cha nyuma, kile cha karibu na geti. Kizuri, kina feni na kitanda kipya. Jacqueline, mke wa Benedict, alimheshimu mkwewe, lakini alikuwa na saluni yake mjini, anatoka asubuhi anarudi jioni. Wajukuu walikuwa shule ya bweni. Binti wa kazi anamwekea chupa ya chai mlangoni, anagonga, anaondoka.

Televisheni ndio kwanza zilikuwa zinaingia Bongo. Benedict alimnunulia yake. Mzee anaitazama picha tu, sauti ameizima. Kilichomkosesha raha hakikuwa ukosefu wa burudani. Alikosa mtu wa kuongea naye Kimachame. Kuna siku alijikwaa kwenye ngazi, akaguna kwa lugha ya kwao, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Jacqueline alimwambia siku moja:

"Baba, kwa nini usimwandikie Shangazi? Au tumpigie simu kwa mchungaji wa huko?"

"Amenikimbia, mwanangu. Kama hanitaki, simtafuti."

Akakaa hivyo. Masika yakaja, yakaisha. Kipupwe nacho kikapita.

Siku moja viatu vyake vilipasuka, akaamua kwenda sokoni Mchikichini mwenyewe kutafuta vya mtumba. Alitaka tu kutoka. Anazunguka zunguka kwenye meza za viatu, akasikia anaitwa.

"Mzee Eliakimu... shikamoo."

Alikuwa Sadalla. Kijana huyu zamani alikuwa akipanga viatu vyake kwenye baraza ya wazee pale Narung'ombe. Nyumba ilipovunjwa, akahamia Mchikichini.

"Marahaba, Sadalla. Hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu." Sadalla hakuwa na ile furaha yake ya kawaida. Akamtazama mzee juu mpaka chini. "Ila samahani, mimi ni mdogo kwako, lakini acha niseme. Mnachomfanyia bibi si vizuri."

"Bibi gani?"

"Bibi Elieshi. Anaanguka bafuni, wapangaji wenzake ndio wanambeba. Na ndugu yake uko hapa hapa mjini."

Mzee akashika meza.

"Elieshi yuko Usa River."

"Usa River wapi? Yuko hapo Ilala, mtaa wa pili kutoka hapa. Anamchambulia mchele mama ntilie mmoja ili apate kula. Macho yenyewe hayaoni vizuri siku hizi."

Sadalla akafunika viatu vyake na turubai, akampeleka mwenyewe.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi, uani kuna mabomba na kamba za nguo. Elieshi alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo mapajani, uso ameusogeza karibu kabisa na mchele. Mguu mmoja umefungwa kitambaa.

Mzee alisimama mlangoni pa uani.

"Wewe nani unanizibia mwanga?" Elieshi akauliza bila kuinua kichwa.

"Dada."

Mkono ukasimama juu ya ungo.

Hakuinuka kumkumbatia. Hakulia. Akachambua punje nyingine kadhaa, akazitupa pembeni, kisha akasema kwa Kimachame:

"Umechelewa."

Mzee akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Niliambiwa uko Usa River. Niliambiwa umechoka kunifulia. Kwamba mimi si mume wako."

"Ndiyo. Maneno yangu hayo."

"Yako?"

"Niliyatunga mimi."

Mzee alitegemea dada yake aape kwamba ni uongo. Alikuwa ameshajiandaa kumwamini.

Elieshi akaweka ungo chini.

"Ulipokwenda msibani, Benedict alikuja. Akaniambia ulishakubali nyumba ivunjwe kabla hujaondoka, ila unaona aibu kuniambia. Akaniambia Tabata kuna nafasi ya mzee mmoja tu. Mke wake amekataa wawili. Akasema chagua, Shangazi, wewe au Baba."

"Ukasema mimi."

"Una kifua kibovu, Eliakimu. Ungelala wapi, kwenye sakafu kama hii? Nikamwambia akuchukue wewe, mimi nipangiwe chumba hiki. Halafu nikafikiri, huyu mtu akijua niko Ilala atakuja kulala hapa na mimi. Namjua. Lazima aambiwe niko mbali, tena aambiwe neno la kumkatisha tamaa."

"Ukachagua lile."

"Nikachagua lile. Nilikuwa nakuona unavyojificha na gazeti."

Uani kulikuwa na wanawake wanafua. Wote walikuwa wamenyamaza, hata kama hawaelewi Kimachame.

"Basi mbona unanikasirikia?" mzee akauliza. "Si ulitaka niamini?"

Hapo ndipo uso wa Elieshi ulipobadilika.

"Niliyatunga makusudi, ndiyo. Lakini kila siku nilikaa hapa nikitegemea hutaamini. Nilijua utanitafuta, uje kunigombeza. Utaingia hapo mlangoni useme, Elieshi, wewe huwezi kusema neno kama lile. Mimi nimekubeba mgongoni... halafu mtu mmoja anakwambia nimekutukana, na wewe huji hata kuniuliza?"

Na hebu niambieni, hata ingekuwa mimi au wewe, tungejibu nini?

Benedict aliwadanganya wote wawili. Hilo mzee alilielewa palepale. Lakini kilichokuwa kimekaa katikati yake na dada yake pale kwenye mkeka hakikuwa cha Benedict peke yake.

Mzee alirudi Tabata jioni ile. Benedict na Jacqueline walikuwa mezani wanakula. Hakukaa.

"Jacqueline, mwanangu. Ni kweli ulikataa Shangazi asije kukaa hapa?"

Jacqueline akaacha kijiko. "Mimi? Baba, mimi si ndiye niliyekwambia umwandikie? Benedict aliniambia Shangazi ameenda kwao kwa hiari yake."

Wote wakamgeukia Benedict.

"Baba, nilikuwa nafikiria maisha yenu. Ile nyumba ilikuwa inavuja..."

"Sikuulizi bati. Nakuuliza kwa nini ulitutenganisha."

Benedict akatafuna taratibu. Alipoona hakuna pa kupitia, akasema ukweli, tena kwa sauti ya chini kabisa.

"Mkiwa wawili hamwezekani. Kila nikija mnanijibu kitu kimoja. Nilijua mmoja mmoja mtakubali."

Jacqueline akainuka mezani, akaingia chumbani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa tu, ufunguo ukageuka.

Mzee akamtazama mwanawe.

"Huyo mwanamke alikupangia foleni ya sabuni."

"Najua, Baba."

"Ungekuwa hujui ningekusamehe leo hii."

Asubuhi yake alifunga nguo zake kwenye shuka, akamwomba Sadalla amtafutie mkokoteni wa kubeba godoro, akahamia Ilala.

Msidhani walifurahi kama kwenye sinema. Wiki za mwanzo Elieshi hakuwa anamsemesha zaidi ya "chai hiyo hapo". Mzee hakulalamika. Alijifunza kuchambua mchele, akawa anamwachia dada kazi ya kupepeta tu. Nguo akafua mwenyewe pale bombani, wanawake wa uani wakimcheka mwanzoni, baadaye wakamzoea. Mguu wa dada ulipokuwa ukiuma, alimshika mkono mpaka bafuni na kumsubiri nje, amegeuka upande wa pili.

Siku moja tu, bila sababu, Elieshi akamwambia jirani mmoja: "Huyu ni mdogo wangu. Mimi nimemlea." Mzee alikuwa anasikia. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Ghorofa la Narung'ombe likapanda. Watu walipita kuwaambia limefika wapi. Hawakwenda kuliangalia.

Kisha Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Benedict akatokea. Amekonda. Inasemekana Jacqueline alikuwa amemwambia asirudi nyumbani mpaka amekwenda kwa wazee. Alikuwa na mfuko wa mchele na katoni ya sabuni. Akasimama mlangoni pa chumba, akawasalimia wote wawili, wote wawili wakaitikia.

"Baba," akasema, "naomba tuongee nje kidogo. Mimi na wewe."

Mzee Eliakimu alikuwa amekaa kitandani. Dada yake alikuwa kwenye kigoda, karibu na miguu yake.

"Ongea hapa hapa," akamjibu. "Shangazi yako yupo, na mimi nipo."

Benedict akawatazama. Maneno yote aliyokuja nayo yalikuwa ya mtu mmoja mmoja. Ya kuwaambia wote wawili hakuwa nayo.

Akaweka mfuko chini, akaondoka. Nje gari likawaka, likakaa muda mrefu limewaka kabla halijaondoka.

Ndugu zangu, mimi sina mahubiri marefu. Una ndugu yako mahali, umeambiwa amekusema vibaya, na umenyamaza mwaka sasa. Aliyekuletea maneno hayo unamwona kila siku. Ndugu yako humwoni.

Nenda kamuulize. Hata kama kweli aliyasema, nenda. Pengine amekaa mahali anasubiri uje umgombeze.