Hodi ya Ukumbi wa Kinu

Wallahi haya si ya kusikia mtaani. Yalimpata shoga yangu Mahfoudha, hapo Nizwa, Omani, anapokaa na mama yake. Kazi yake ni kuchunga kwa kompyuta, akiwa nyumbani, kinu kikongwe cha utafiti wa nyuklia kilichoko nchi ya mbali yenye theluji. Alasiri ile wenzake wa kule walikuwa wamefunga maikrofoni na spika mpya kwenye ukumbi wa kinu, ili mtu asilazimike tena kuingia ukumbini.

Akaambiwa ajaribu sauti. Kwenye kioo cha kompyuta, ukumbi ulikuwa giza tupu. Mtoto wa Kiunguja haingii kwa watu kimya, akatania: "Hodi!"

Maji ya kupozea kinu yalikuwa yakinguruma. Yakanyamaza. Zikasikika nyayo zilizorowa, chap, chap, zikiijia maikrofoni. Akampigia simu mlinzi wa kule, naye akaapa kuwa kufuli halijaguswa. Mahfoudha akazima kompyuta, akashusha pumzi.

Chap, chap. Uani kwake, juu ya vigae vikavu.

"Hodi," ikasema sauti ya Mahfoudha mwenyewe.

Jikoni mama yake, mtu wa kale, hakugeuza hata shingo.

"Karibu, mwanangu," akaitika. "Pita ndani."