Ombi Lililofungwa kwa Lakiri

Mwalimu Methodius alikutwa amelala kifudifudi kando ya mashine yake, mkono mmoja umeshika mguu wa meza kama mtu anayetaka kunyanyuka. Damu ilikwisha kuganda. Karibu na kichwa chake ulikuwepo mpini wa mashine, wa mti wa mninga, umechomolewa kwenye tundu lake.

"Nani alimwona kwanza?" Inspekta Andrea aliuliza.

"Mimi, afande." Zena, mfagiaji wa karakana, alisimama mlangoni na fagio lake. "Nilidhani kasinzia. Mwalimu huyu alikuwa hajui kupumzika."

Ilikuwa Novemba 1979, katika chuo cha maendeleo ya wananchi nje kidogo ya mji wa Nachingwea. Mwaka ule chuo kilikuwa kimetenga fungu la ubunifu. Mtumishi mwenye wazo jipya alijaza fomu, fomu ikafungwa kwa lakiri mbele ya Mkuu wa Chuo, ikangoja kamati ikae. Atakayeshinda angepewa chuma, mbao na karakana kwa miezi sita. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Siku zile hata msumari ulipatikana kwa kubembeleza.

Waombaji walikuwa wawili tu. Mwalimu Dunstan aliomba kutengeneza mizinga ya nyuki. Marehemu aliomba kukamilisha mashine ya kubangulia korosho.

Daktari wa wilaya hakuwa na maneno mengi. Pigo moja, kisogoni, jana kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Marehemu alikuwa amempa muuaji mgongo.

"Basi hakumwogopa," Andrea alisema.

Konstebo Ignasi naye hakupoteza muda. Alisikia kwamba Dunstan aligombana na marehemu juzi, na kabla ya adhuhuri Dunstan alikuwa mahabusu, hana mkanda wala viatu. Kosa lenyewe ni la kitanzi, na kila mtu pale kituoni alilijua hilo.

"Ulimtukana marehemu mbele ya wanafunzi," Andrea alianza.

"Kweli."

"Ulimwitaje?"

"Mjinga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa..." Dunstan alikwama. Machozi yakamtoka, mtu mzima yule, akayaacha yatiririke. "Tulishiriki chumba miaka mitatu, afande. Lifungueni ombi lake mlisome. Mimi nilimwita mjinga. Mwizi sikumwita."

"Nani alimwita mwizi?"

"Sijui. Lakini nilimwambia yupo atakayemwita."

Andrea alimtaka aoneshe viganja. Vilikuwa vipana kama sahani. Kwenye mpini kulikuwa na alama ya kiganja kimoja, kidogo, chembamba, kimepigwa chapa kwa kitu cheupe. Inspekta alikuwa ameiona asubuhi ile na hakuielewa. Yeye ni mtu wa Mpwapwa. Korosho aliijua ikiwa imeshakaangwa.

Mkuu wa Chuo aliivunja lakiri kwa kisu cha kukatia karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la Methodius, wa pili mchoro. Wa tatu ulikuwa na mistari michache, mwandiko wa mwalimu aliyezoea ubao:

"Mbunifu wa mashine hii si mimi. Ni mwanafunzi wangu Bibie Sultani wa Nambilanje, upande wa Ruangwa. Fomu inapokea watumishi peke yao, ndiyo maana nimetanguliza jina langu. Naomba kamati ikubali mashine iitwe kwa jina lake, na miezi sita ya karakana apewe yeye."

Andrea aliusoma mara mbili. Kisha akavua kofia, akaketi.

"Kwenye ubao wa matangazo mlibandika nini?" aliuliza.

"Majina ya waombaji," Mkuu alijibu. "Jina na mradi. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Lini?"

"Jana mchana."

Andrea alirudi karakana, akamwonesha Zena ule mpini. "Hiki cheupe ni nini, mama?"

"Jivu, afande. Kwetu mbanguaji hutia mikono jivuni kwanza. Mafuta ya ganda yanababua ngozi."

"Hapa chuoni mnatumia jivu?"

"Mwalimu alilikataza. Linakwamisha meno ya mashine. Alituambia tupake mafuta ya karanga."

"Na wote mlimtii?"

Zena alitazama chini. Akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Zena. Ndani yuko mtu ambaye huenda akanyongwa bure."

"Bibie anasahau," alisema hatimaye, akaanza kulia. "Amebangua tangu mdogo. Kabla hajashika kitu, mikono yake inatangulia jivuni yenyewe. Mwalimu alikuwa anamtania kila siku kwa hilo. Asubuhi hii kaondoka alfajiri, kasema mama yake mgonjwa."

Land Rover ya polisi ilifika Nambilanje alasiri, imejaa vumbi. Uani, Mama Mwanabibi, mamake Bibie, aliketi juu ya mkeka, mikono yake pajani. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka miaka mingi, vimepona, vikababuka tena, mpaka vimebaki havina kucha. Bibie alikuwa mbele yake na rundo la korosho, jiwe na kigae cha jivu.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Huyu binti tangu aje hajala."

Bibie aliiona sare. Hakukimbia. Alitazama mikono yake, myeupe kwa jivu hadi kwenye kifundo, akaiweka chini taratibu.

Andrea alimsomea onyo. Halazimiki kusema lolote, atakalolisema litaandikwa.

"Andika, afande," alisema Bibie. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilianza kuichonga ile mashine kwa ajili ya mikono ya mama. Unaiona? Miaka miwili, kwa vijiti, kabla sijaijua Nachingwea. Nikampelekea Mwalimu. Jana nikasoma ubaoni. Nimesoma mwenyewe! Mashine yangu, jina lake."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema ni utaratibu tu, fomu inataka mtumishi. Nikasema nioneshe hiyo karatasi. Akasema imeshafungwa kwa lakiri, iko kwa Mkuu, nivumilie hadi kamati ikae." Sauti yake ilipasuka. "Mwizi gani hasemi hivyo? Kisha akageuka kukaza skrubu, anapiga mluzi. Mpini ulikuwa mkononi mwangu."

Mama Mwanabibi alianza kulia polepole, bila kelele.

Ukurasa wa tatu ulikuwa mfukoni mwa Andrea. Alitamani sana kuuacha humo, tena hakuona aibu kutamani hivyo. Lakini mahakamani ungesomwa mbele ya watu wasiomjua Bibie, naye akiwa amesimama peke yake kizimbani. Akautoa.

Bibie alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama alivyofundishwa. Kidole kikaacha mstari wa jivu kwenye karatasi. Kilipofika kwenye jina lake kikasimama.

"Hapa pameandikwa mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma, afande." Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na kilio kilichomtoka kikawaleta majirani wote uani.

Dunstan aliachiliwa jioni ile. Hakwenda chumbani kwake. Alikaa kwenye ngazi za kituo mpaka ilipoletwa mashine, akasaidia kuishusha. Kamati ilikaa wiki iliyofuata, ikalikubali ombi lote, ukurasa wa tatu pamoja. Lingekubaliwa hata marehemu angekuwa hai, Mkuu alisema. Hapakuwa na wa kulipinga.

Mashine yenyewe ikabaki stoo ya kituo, kielelezo cha kesi. Kila kielelezo hufungiwa kibandiko chenye nafasi ya kujazwa jina la mwenye mali. Konstebo Ignasi aliuliza aandike nani: marehemu, au chuo?

Andrea alichukua kalamu mwenyewe, akaandika kwa herufi kubwa: BIBIE SULTANI, NAMBILANJE.