Fundi Cherehani na Mlinganyo wa Maji

Jirani zangu mnaolea, hili nawaambia ninyi.

Alasiri moja nyumba ya fundi cherehani ilikuwa imetulia. Cherehani inaimba, wateja wawili wanasubiri nguo zao, na kitindamimba wake wa kike yuko mezani na daftari la kemia. Alitakiwa kuonyesha jinsi haidrojeni na oksijeni zinavyoungana kuwa maji, hesabu ya kila upande wa mshale ilingane. Upande mmoja oksijeni mbili, upande wa pili moja. Yeye alikuwa ameongeza kijinamba cha mbili chini ya oksijeni ya maji, akapata kosa.

"Baba, mwalimu anasema haya si maji tena, ni dawa ya kupaushia nywele. Nimekosea wapi?"

Baba hakuinua macho. "Hata maji yanakushinda? Mbumbumbu wewe!"

Wateja wakaangua kicheko. Binti akafunga daftari.

Tangu hapo, kila siku ya kemia akawa anatafuta kisingizio cha kubaki nyumbani. Mwishowe akamfuata mama yake jikoni, akamsimulia yaliyotokea. "Mama, shule basi. Nitafutie hata kazi ya kufua."

Mama hakufoka. Alimpangusa machozi kwa kiganja, akaenda kwa mumewe.

"Mteja akibadili mawazo mara tatu, unamwambia, 'Usijali, dada, tutarekebisha.' Mwanao kakuuliza mara moja tu. Sasa anataka kuacha shule."

Siwafichi, jirani zangu, yule bwana alimpenda mwanawe. Ulimi tu ndio haukuwa na breki. Akasimamisha cherehani, akamwaga vifungo mezani.

"Njoo, mwanangu. Nifundishe mimi."

Binti akaja kwa kusitasita. Akafunga vifungo vyekundu viwili kwa uzi: haidrojeni. Vyeupe viwili: oksijeni. "Maji ni vyekundu viwili na cheupe kimoja."

Baba akapanga. "Kimebaki cheupe kimoja. Si nikibandike hapohapo?"

"Ndivyo nilivyofanya mimi! Hayo si maji, baba."

"Loo! Sasa nikipeleke wapi?"

"Kitengeneze maji mengine."

"Vyekundu vimekwisha."

"Si uchukue jozi nyingine—" Binti akavuta daftari. Akashika kalamu, akaandika mbili kubwa mbele ya haidrojeni, na mbili kubwa mbele ya maji. Akahesabu kwa kidole: haidrojeni nne kwa nne, oksijeni mbili kwa mbili.

"Kumbe mbumbumbu tuko wawili," baba akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Binti akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kesho yake alienda kwenye kipindi cha kemia. Akakosea mlinganyo mwingine, akarudi nao nyumbani, akauliza kwa sauti mbele ya wateja.

MAFUNZO

Mtoto haachi shule kwa sababu ya somo gumu peke yake. Huacha pale anapoogopa kuuliza. Kama hujui jibu, mzazi mwenzangu, keti naye mkosee pamoja. Na ukimvunja moyo, mwombe radhi mapema, angali anakusikiliza.